Polisi Aliyelala Kaburini

Vijana wangu wa kituoni mmeniomba niandike, tena mmeniomba kwa ujanja. Mmeniletea kalamu pamoja na sukari, ili kila nikinywa chai nione aibu. Haya, naandika. Lakini mkitaka kujua nilipanda cheo lini, na kwa nini zile V tatu za usajini zilikaa mkononi mwangu mpaka zikapauka, kamwulizeni aliyekuwa na kazi ya kupandisha watu vyeo. Mimi nitawaeleza habari za lango la shule. Nasikia wawili kati yenu mmepangiwa shule, na mnanung'unika kwamba kukaa na watoto si kazi ya askari aliyekula kwata. Hata mimi nilinung'unika hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa kuliko yenu.

Mimi ni Mnyamwezi wa Sikonge. Kwetu ardhi imelala, mtu anaona mgeni wake asubuhi na anampikia akiwa bado njiani. Nilipoletwa Lushoto nilidhani nimeadhibiwa. Kila mahali ni kupanda au kushuka, na ukungu ukiingia huoni hata kirungu ulichokishika. Mwezi wa saba nilivaa soksi mbili mbili na bado meno yaligongana wakati wa gwaride. Nilikuwa nimeshaizoea baridi hiyo, nimeoa na nina shamba dogo la karoti, ndipo Mkuu wa Kituo aliponiita akaniambia nimekuwa askari wa kata, kule juu kwenye njia ya Mtae, na kwamba kazi yangu kubwa itakuwa usalama wa shule ya sekondari.

Jina la shule nitaliacha. Wenyewe wapo, na mmoja wao bado ananidai jogoo. Shule iko mgongoni mwa mlima. Ukisimama nyuma ya maabara unaiona nyika yote kule chini, na kofia yako ikipeperuka usiifuate. Wazazi walikuwa wameomba askari katika mkutano wa kijiji, kwa kunyoosha mikono, maana vijana wa bodaboda walikuwa wakiwasumbua mabinti kwenye kona ya barabara, na siku za gulio wavulana wa vijiji viwili walipigana wakitoka shule. Kumbukeni hilo, kwamba wenyewe ndio walioniomba.

Kabla sijapanda kwenda huko nilimuaga Stesheni Sajini Mwanahawa. Huyo ndiye aliyenilea kazini. Alikuwa mama wa Tanga mjini, mfupi, mwenye sauti ya kuweza kumsimamisha ng'ombe. Alinitazama toka kofia hadi buti.

"Unakwenda vitani, mwanangu?"

"Nakwenda shuleni, mama."

"Sasa hizo pingu za nani? Za mwalimu wa hesabu?"

"Ni vifaa vya kazi, afande."

"Shuleni kifaa ni filimbi na masikio. Hivyo vingine viache hapa, vitakuponza."

Nikacheka, nikaondoka navyo vyote, vikilia kiunoni kama kengele za mbuzi. Sikumsikiliza kwa sababu nilikuwa na kombati mpya, na kombati mpya huziba masikio.

Siku ya kwanza Mkuu wa Shule, Madamu Ester, alinisimamisha mbele ya wanafunzi mstarini. Alikuwa Mlutheri wa Bumbuli, mama aliyenyooka kama rula, asiyependa maneno mengi. Akasema, "Huyu ni afande wetu. Tumeomba, tumepewa. Mpokeeni." Nikatoa hotuba. Nikasema kwa sauti ya ukakamavu kwamba nitajua kila kitu, kwamba hakuna kitakachofichika kwangu, na kwamba mhalifu yeyote, awe shuleni au kijijini, siku zake zinahesabika. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi ila mwalimu wa zamu, naye alianza akaacha. Mimi nikadhani ni heshima.

Kesho yake nusu ya madawati yalikuwa matupu. Kesho kutwa yakazidi. Madamu Ester alinikuta langoni nimesimama wima, nalinda shule isiyo na wanafunzi. Akasema, "Afande, wezi wameisha. Na watoto nao wameisha." Akaingia ofisini bila kusubiri jibu.

Aliyenifumbua macho ni bibi mmoja muuza matunda ya plamsi, Bibi Rahel. Alipita langoni kila asubuhi na kikapu akienda barabarani kuuza. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama kwa kuinua shingo.

"Wewe umetokea wapi, mbona mrefu hivyo?"

"Sikonge, bibi. Mimi ni Mnyamwezi."

Bibi akatua kikapu chini, akapiga makofi. "Mnyamwezi! Kumbe Serikali imetuletea mtani! Sisi tunaogopa bure, kumbe ni mpagazi tu! Lete hiyo kofia."

Ninyi vijana wa siku hizi mnaujua utani wa kwenye simu tu. Utani wa makabila ni sheria. Sisi na watu wa Tanga ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakipita huku na mizigo kwenda pwani. Mtani wako anaweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, hata kula chakula chako, na huruhusiwi kununa. Ukinuna, umeshindwa, na watu watakucheka mpaka wajukuu zako wasikie. Nikavua kofia ya Jeshi la Polisi, nikampa. Bibi akaivaa juu ya kilemba chake, akapiga mguu chini kama yuko kwenye gwaride. Nyuma ya mikaratusi nikasikia vicheko. Kumbe watoto walikuwapo, wamejificha wananichungulia.

"Nami nikupe la kwako, mtani," nikamwambia. "Ninyi Wasambaa mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi. Mkishuka tambarare mnaanguka."

"Afadhali sisi tunaanguka. Ninyi mlibeba mizigo mpaka shingo zikazama."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwa nini shule imekuwa tupu. Baba za watoto wengi wanapasua mbao msituni, mbao za mkulo, mti ambao Serikali imekataza kuukata. Mimi nimesimama mstarini nimesema nitajua kila kitu cha kijijini. Wazazi waliomba askari wa kuwafukuza vijana wa kona, wakaletewa, kama walivyoona wao, mtu wa kuwahoji watoto wao. "Mghosi," akasema bibi, yaani bwana kwa Kisambaa, "wewe umekuja kulinda kuku, ukatangaza kwamba utahesabu na mayai."

Siku hiyo hiyo nilirudisha pingu kituoni. Mama Mwanahawa alizipokea, akazitundika msumarini. Bibi Rahel naye alianza kazi aliyojipa mwenyewe. Kila asubuhi alisimama langoni akanitukana mbele ya watoto, nami nikamjibu, na watoto wakaja karibu kusikiliza, na wakishafika karibu kengele inalia, wanaingia darasani. Wiki haikuisha madawati yakajaa. Sijawahi kuona mkakati wa usalama uliofanya kazi haraka hivyo, na haukuandikwa mahali popote.

Baada ya hapo kazi ilinoga. Wale vijana wa bodaboda sikuwakimbiza hata mara moja. Siku ya gulio niliwatafuta mama zao sokoni, mmoja mmoja, nikawaamkia na kuwaambia kwa sauti ya kusikika na majirani, "Mama, nakushukuru kwa kijana wako, kila siku yuko pale konani ananisaidia kuwalinda mabinti." Mama aligeuka polepole akamtazama mwanawe. Nawaambieni, kirungu cha Serikali hakina nguvu za jicho lile. Kona ikawa tupu. Na wale wapiganaji wa vijiji viwili nikawaundia timu moja ya mpira, nikawapa jezi zisizotosha mtu, wakawa wanagombana na mimi badala ya kugombana wao kwa wao.

Kuna kesi nyingine ngumu, ya kengele. Kengele ya shule ilikuwa ringi ya lori iliyotundikwa kwenye mti. Asubuhi moja haipo, na mtihani wa hesabu wa Kidato cha Pili ukachelewa. Nilikagua nyayo, nikapima majani, nikafanya mambo yote niliyofundishwa chuoni Moshi, sikupata kitu. Mchana nikawaona Kidato cha Pili wanaleta kuni za jikoni, nyingi, huku wanaimba. Sasa mwanafunzi hajawahi kuleta kuni kwa moyo mkunjufu tangu moto uvumbuliwe. Nikafumua lile rundo lao la kuni, ringi hiyo hapo. Adhabu yao ilikuwa kuigonga wao wenyewe kila siku mpaka muhula ulipokwisha, na sijapata kuwa na kengele inayolia kwa wakati kama ile.

Basi nikajiona nimefika. Na hapo ndipo Mkuu wa Kituo aliponiita. Alikuwa mtu mzuri, ila alikuwa ameamka na presha ya wakubwa kuhusu mbao.

"Sajini, pale shuleni una masikio mengi kuliko kituo kizima. Waulize watoto baba zao wanalala wapi siku hizi."

"Afande, nikimuuliza mtoto mmoja tu, kesho nitakuwa nalinda madawati."

"Unaijibu amri yangu?"

"Hapana, afande. Natoa taarifa."

Alinitazama, nami nikatazama ukuta, kama ilivyo desturi. Hakuniambia nenda kaulize, wala hakuniambia acha. Sikuuliza mtoto yeyote. Niliona hivi, na bado naona hivi hadi leo: mtoto akishageuzwa jasusi wa baba yake, hana tena mahali salama, si nyumbani wala shuleni, na mimi nililetwa kwa ajili ya usalama.

Lakini mambo hayakungoja msimamo wangu. Maofisa wa misitu walikamata lori la mbao kule chini kwenye lami, kwa upelelezi wao wenyewe. Kijiji kikakaa kikatafuta aliyesema. Na macho yakamwangukia Neema.

Neema Yohana alikuwa mjukuu wa Bibi Rahel, Kidato cha Nne, binti mwenye maswali. Bibi alipoanza kuchoka kupanda ule mlima, Neema ndiye aliyeniletea mahindi ya kuchoma kutoka kwake, na alipoyaleta alisimama dakika chache kuniuliza habari. Kwetu Sikonge asali inapatikanaje? Polisi wanajuaje kama mtu amekufa kwa sumu? Hayo yanasomewa wapi, na yanataka somo gani? Nilimjibu niliyoyajua, na nisiyoyajua nilimjibu pia, ila kwa kifupi. Kijiji kikaona binti anazungumza na polisi kila asubuhi, kisha lori likakamatwa. Wakajumlisha wakapata jibu lao. Baba yake, Yohana, mwana wa Bibi Rahel, alikuwa mpasuaji mbao, na wenzake walimwambia wazi kwamba nyoka yuko nyumbani kwake. Akamtoa shule. Mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia kabisa, na yeye akapanga binti apelekwe Korogwe kwa shangazi, akauze dukani.

Nilikwenda nyumbani kwao mchana, bila kombati, na kilo ya sukari mkononi. Nilipobisha hodi mlango wa mbele, niliusikia mlango wa nyuma ukifunguliwa na migomba ikitikisika. Yohana aliniachia harufu tu. Mkulo una harufu ya kafuri, haifichiki, na chumba kile kilinuka kama duka la dawa. Bibi Rahel alikuwa kitandani, hoi kwa uzee, amelala fofofo. Neema alikuwa anamenya viazi. Aliniamkia bila kuinua macho.

"Mtihani uko karibu, Neema."

"Najua, afande."

"Na wewe mwenyewe unataka nini?"

Akaendelea kumenya, ganda likawa refu, halafu likakatika. "Nataka kufanya mtihani. Lakini nikirudi watasema kweli mimi ndiye niliyesema. Baba hatapata wa kushika naye msumeno. Msumeno ule ni wa watu wawili, mmoja juu, mmoja shimoni. Wote wamemkataa."

Niliondoka nimeumia. Madamu Ester naye alikwenda, akafungiwa mlango. Mchungaji alikwenda, akaombwa aombe kisha aondoke. Hakuna sheria ya haraka niliyoiona. Ningempeleka Yohana kwa mtendaji wa kata, siku nyingi zingepita kwenye mabenchi, na mtihani haungengoja. Tena ningekuwa nimewathibitishia kwamba askari yuko pale kwa ajili ya kuwakamata baba za watoto.

Hapo katikati Bibi Rahel akafariki.

Nililia, siwafichi. Nililia kwenye kibanda changu cha lindo, na mwalimu wa zamu akajifanya anatafuta chaki huko nje. Kisha wazee wa kijiji wakanifuata. Mmoja akavua kofia, akasema, "Mtani, msiba ni wako. Watani wengine hatuna huku juu, ni wewe tu. Utakuja?"

"Nakuja."

"Uje kama mtani, usije kama polisi."

Nikaenda moja kwa moja kutoka langoni, na nguo nilizokuwa nazo ni zile zile za kazi. Bibi alizikwa shambani kwake, pembeni ya miplamsi, udongo mwekundu, mvua imenyesha usiku. Kwaya iliimba, mchungaji akasoma, jeneza likanyanyuliwa. Mnajua kazi ya mtani msibani. Mzee aliyekula chumvi nyingi hazikwi kwa machozi peke yake. Mtani huiba jembe, humwiga marehemu anavyotembea, hudai apewe kitu ndipo maziko yaendelee. Nililitazama lile kaburi, nikamtazama Yohana aliyesimama mbele ya watu wote, mfiwa mkuu, safari hii hana mlango wa nyuma. Nikavua kofia, nikamkabidhi mchungaji, nikarukia ndani, nikalala chali.

Ilikuwa baridi, jamani. Maji yaliingia mgongoni. Juu nikaona anga, kipande kidogo, na vichwa vimezunguka vinanitazama.

"Mtani kalala!" mtu akapiga kelele, na wanawake wakaanza kucheka huku wanajifuta machozi.

"Sitoki," nikasema. "Bibi yenu alikula plamsi zote akanibakishia kokwa. Alinivua kofia mbele ya wanafunzi. Nipeni haki yangu."

Yohana akaja ukingoni. "Mtani, toka. Mama anangoja."

"Mimi nimengoja zaidi."

"Tutakupa jogoo."

"Jogoo wa Kisambaa ana misuli ya kupanda mlima, sina meno hayo."

"Na blanketi."

"Humu ndani nimeshazoea."

Watu wakazidi kucheka, hata mchungaji, huku kofia yangu ameibana kwapani. Nikangoja kicheko kipungue, nikasema, "Namtaka Neema. Namtaka shuleni kesho asubuhi, na sweta lake, na kalamu zake, mpaka amalize mtihani. Nisipopewa hilo, mleteni mama hapa hapa tulale wawili. Tutatukanana mpaka parapanda ilie."

Kicheko kikakatika. Neema alikuwa amesimama kati ya wanawake, akafunika uso kwa kanga. Yohana hakuweza kukasirika, maana kwa mtani hakuna kukasirika, na hakuweza kuniacha, maana mama yake alikuwa mabegani mwa watu. Akachuchumaa ukingoni, akanisogelea kwa kadiri mtu anavyoweza kumsogelea aliyelala kaburini. Hakuwa anacheza tena.

"Wewe ndiye uliyewapa habari za lori?"

"Si mimi. Na si mtoto. Sijamuuliza yeye wala mwenzake yeyote neno moja la mbao. Naapa hapa nilipolala, na hakuna mwenye akili anayelala uongo mahali kama hapa."

Akageuza kichwa. Wale wapasuaji wenzake walikuwa nyuma yake, nao wamesikia.

"Na ukinikuta msituni?"

"Nikikukuta msituni nitakukamata, mtani. Lakini sitamuuliza mwanao uko wapi. Si leo, si kesho."

Nadhani ningemdanganya hapo, ningesema nitafumba macho, asingeniamini. Mzee mmoja nyuma akasema kwa Kisambaa kitu ambacho sikukisikia vizuri, na wengine wakaguna kukubali. Yohana akanyoosha mkono chini. Ulikuwa mkono mgumu, una malengelenge ya msumeno. Akanivuta mpaka nikatoka, nikiwa mwekundu kama tofali.

"Hongea, mtani," akanishukuru kwa Kisambaa. "Ataletwa."

Mchungaji akasema amina upesi sana, nahisi kwa kuogopa nisirudi ndani, na tukamzika Bibi Rahel vizuri. Mimi ndiye niliyetupa koleo la kwanza la udongo baada ya watoto wake.

Mkuu wa Kituo alizipata habari kabla sijafika kwangu. Mlima una baridi, lakini maneno yake hayagandi.

"Sajini, nasikia umelala kaburini na kombati ya Serikali."

"Ndiyo, afande."

"Na umefufuka?"

"Ndiyo, afande."

"Basi nenda kaifue."

Hakuniuliza tena habari za masikio ya watoto. Jogoo sikupewa, kwa sababu nilimkataa mwenyewe, na Yohana hunikumbusha hilo kila tukionana. Yule ninayedaiwa mimi ni wa kesi nyingine, nayo si ya kuandikwa.

Neema alirudi. Siku za mwanzo alikaa peke yake kwenye benchi, kisha mwenzake mmoja akahamia pembeni yake, kisha wengine. Sikufanya kitu hapo, na nawashauri nanyi msifanye. Watoto wakijua mtu mzima anawapangia urafiki, wanakataa kwa makusudi. Mimi nilikaa langoni nikafanya kazi ya kuwepo, ambayo ni ngumu kuliko inavyoonekana, hasa wakati wa ukungu.

Ikafika asubuhi ya mtihani. Siku hizo shule huwa kama kambi. Karatasi zinaletwa na askari mwenye bunduki kutoka kituoni, wasimamizi wanatoka shule nyingine, na mtu asiyehusika haruhusiwi kusogea. Wanafunzi walipangwa mstari nje ya chumba. Msimamizi mkuu alikuwa mama mmoja mkali, wa kutoka bondeni, ambaye hakuwa amecheka tangu ashuke kwenye gari. Akaanza kuita majina, mmoja mmoja, kila mmoja anaitika, anakaguliwa, anaingia.

Nikageuka, nikamwona Yohana. Amesimama nje ya ua, hatua chache kutoka nilipokuwa mimi, shati la kanisani limefungwa hadi kifungo cha juu. Kumbe alimsindikiza binti toka nyumbani, akashindwa kuondoka. Barabarani walikuwapo na wazazi wengine, na wale wenzake wa msituni, wote wanajifanya wanapita. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anakwenda popote.

"Neema Yohana Shekiondo!" akaita msimamizi.

Binti alifungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, nje ya ua ikalipuka nyingine.

"Yupo! Huyo hapo! Mwenye sweta la kijani!"

Wote walikuwa na masweta ya kijani. Wanafunzi wakaangua kicheko, mstari ukayumba. Askari mwenye bunduki akashtuka. Neema akainamisha kichwa, masikio yamewiva kwa haya, akasema, "Nipo, madamu," akapita, akaingia ndani.

Msimamizi aligeuka kama radi. "Afande! Nani huyo anayevuruga mtihani wa taifa? Mtoe hapo mara moja!"

Amri ni amri. Nikatoka langoni, nikamwendea Yohana mbele ya kijiji kizima, nikamshika mkono juu ya kiwiko, kama tulivyofundishwa. Wapasuaji wakaacha kujifanya wanapita.

"Nimekukamata, mtani," nikamwambia.

Hakunitazama. Alikuwa bado anautazama ule mlango, uliokuwa unafungwa sasa, na machozi yalikuwa yanamtiririka hadharani, mwanamume mzima, mbele ya wenzake.

"Nipeleke unakotaka," akasema. "Mwanangu keshaingia."